Vyoo Vilivyomngoja Mgeni

Muhula ule nilivaa funguo nane shingoni, zimefungwa kwa kamba ya kiatu, nikazificha ndani ya blauzi kama hirizi. Sita zilikuwa za vyoo vipya na mbili za madarasa mapya. Nilikuwa mwalimu wa afya na usafi, cheo ambacho hupewa mwalimu wa kuajiriwa na bodi ya shule kwa sababu wenzake walioajiriwa na serikali hawakitaki. Mwalimu mkuu aliponikabidhi zile funguo aliniambia, "Madam, kufuli hizi zisifunguliwe mpaka mgeni akate utepe. Hata mimi nikikuomba, ninyime." Nikacheka. Nilidhani ni jambo la wiki moja.

Shule yetu iko kati ya Maungu na Miasenyi, ndani kidogo kutoka barabara kuu, mahali ambapo malori ya Mombasa husikika mchana kutwa lakini hayaonekani. Wazazi wetu wengi walikuja wakifuata kazi ya mkonge au ya reli, wengine kutoka Ukambani, wengine magharibi, wakapata vishamba vya mahindi yasiyokomaa wakabaki. Udongo wa huko ni mwekundu na laini. Ukilima utaupenda, ukichimba choo utajuta.

Choo cha zamani kilijengwa na wazazi wa kwanza kabisa. Kilikuwa na milango mitatu, kuta za matofali ya udongo, na sakafu nyembamba ya saruji iliyolazwa juu ya magogo. Ukiitazama ile saruji ilikuwa nzima. Magogo ya chini ndiyo yaliyokuwa yameliwa na mchwa, na hilo hatukulijua mpaka afisa wa afya alipokuja siku moja, akaingia, akapiga sakafu kwa kisigino mara mbili na kusikiliza. Alitoka kwa haraka kuliko alivyoingia. Akaomba rangi nyekundu, akachora alama ya X kwenye kila mlango.

"Hiki kifungwe," alisema.

"Na watoto watatumia nini?" nikamwuliza.

"Jengeni kingine, Mwalimu. Mimi ningekuwa na mtoto hapa singelala."

Mimi sikuwa na mtoto pale, na bado usingizi uliniruka.

Kwenda kichakani hakukuwa shauri jema. Kwetu kichaka kina wenyewe. Miezi ya kiangazi ndovu hutoka mbugani kutafuta maji, na asubuhi nyingine tulikuta kinyesi chao kando ya uwanja wa mpira, bado kina joto. Basi watoto waliendelea kuingia mle mle, milango ya alama ya X, na sisi tukaandika barua. Kwa bahati wakapatikana wafadhili kupitia kanisa fulani. Wao wakaleta mabati, saruji na fundi. Wazazi wakaleta mikono. Kina baba walichota mchanga korongoni kila Jumamosi, kina mama wakabeba maji ya kuchanganyia saruji, na usiku mlinzi wetu alifunika mapipa kwa magunia na kuomba Mungu upepo usipeleke harufu ya maji upande wa mbuga. Yakasimama madarasa mawili na choo cha milango sita, chenye shimo lililojengewa mawe mpaka chini, na tangi la kukinga maji ya mvua lenye mabomba ya watoto kunawia mikono. Siku fundi alipopaka rangi ya mwisho niliingia mlango wa kwanza peke yangu, nikasimama katikati ya sakafu, nikaruka. Nikaruka tena. Hakuna kilichotikisika. Naona haya kusema, lakini nililia kidogo humo ndani, mtu mzima nalilia choo.

Kisha vikafungwa kwa kufuli.

Ni lazima nieleze jambo hili, maana mtu asiyekulia kwetu anaweza kudhani tulikuwa wehu. Kitu cha shule hakitumiki kabla hakijafunguliwa rasmi. Kiwe kisima, kiwe darasa, liwe basi. Hungoja mgeni, utepe, makasi, nyimbo za watoto na soda. Mgeni akikuta kitu kimeshatumika anahisi amedharauliwa, na aliyedharauliwa harudi. Ndivyo tulivyoamini. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya, wala sitaki msomaji amchukie. Alikuwa mzee wa kutoka magharibi, mpole, mwenye suti moja ya kahawia aliyoipenda kama mke. Katika shule aliyotoka, kule juu milimani, walihamia darasa jipya kabla ya siku ya sherehe kwa sababu ya mvua. Mgeni alipofika alikuta tope sakafuni na majina ya watoto yamechorwa ukutani, akaondoka bila kula. Madawati waliyoahidiwa yakaenda shule nyingine. Mzee yule alilibeba jambo hilo moyoni, na sisi pia tulikuwa tumeahidiwa madawati na wafadhili waliokuwa wakimleta mgeni.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alikuwa akisema, akijipangusa jasho. "Tuvumilie kidogo tu, Madam."

Nami nilikuwa na langu. Alikuwa ameshaniambia kwamba sherehe ikipita salama ataniandikia barua ya kunipendekeza niajiriwe na serikali. Miaka sita nilikuwa mwalimu wa bodi. Nilizitaka zile funguo zibaki shingoni kuliko ninavyopenda kukiri.

Tarehe ya kwanza ikaahirishwa. Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la walimu asubuhi yenyewe, watoto wameshapangwa mistari wamevaa soksi za kuazimana. Mgeni amepata dharura. Tarehe ya pili nayo ikaahirishwa, safari hii bila sababu. Mbuzi aliyenunuliwa kwa ajili ya sherehe akawa ananenepa nyuma ya ofisi na watoto wakampa jina la yule mgeni. Gredi ya kwanza na ya pili waliendelea kusomea kwenye kanisa la mabati la jirani, wakiandikia magotini, na wakitoka walipita mbele ya madarasa mapya wakachungulia dirishani kama watu wanaotazama duka. Wimbo wa kumkaribisha mgeni waliuimba mpaka ukawachosha. Mlinzi aliniambia, "Madam, ngoja ngoja huumiza matumbo," akacheka sana, kwa sababu kwa watoto wetu hiyo haikuwa methali tena.

Kwa kweli walikuwa wakibana mkojo. Nilianza kuliona hilo kwa gredi ya kwanza. Chupa za maji walizoleta asubuhi zilirudi nyumbani zimejaa. Kulikuwa na msichana mmoja, mdogo kuliko wenzake, mama yake akichoma mahindi kando ya barabara kule Miasenyi, naye huyo alizimia kwenye paredi ya asubuhi. Nikambeba mpaka kivulini, nikamlazimisha anywe. Alikunywa vijiko vitatu, akafunga mdomo.

"Kwa nini hutaki maji?"

"Nikikunywa nitaenda choo, Ticha."

"Na ukienda?"

Alinitazama kama mtu mzima anayetazama mtoto aliyeuliza swali la kipumbavu. Niliudhika, nami nikiudhika sauti hunipanda, nikamwambia asilete mchezo na afya yake. Najuta mpaka leo kumkaripia.

Tangu siku hiyo nikawa nasimama mwenyewe kwenye choo cha zamani kila breki, watoto wakitoka kupumzika. Mbele ya ile milango mitatu kulikuwa na kizuizi cha mabati cha kusitiri, nami nilikaa kwenye pengo la kuingilia. Nilijaza kokoto mfuko wa kushoto wa koti langu. Mtoto akiingia, kokoto moja inahamia mfuko wa kulia. Akitoka, inarudi kushoto. Kengele ikilia, mfuko wa kulia uwe mtupu. Watoto wa gredi ya sita wakaniita Askari wa Choo, na walimu wenzangu walinitania katika chumba cha walimu kwamba nimepata kazi ya kukata tiketi. Nilicheka nao. Lakini mkono wangu ulikuwa mfukoni hata tukiwa tunakunywa chai, nahakikisha.

Halafu mvua ikanyesha, siku tatu mfululizo. Watu wa huko hufurahia mvua, mimi niliichukia. Asubuhi ya nne nikaona ufa ardhini, nyuma ya choo cha zamani, mrefu kama kanga iliyoanikwa. Nikachomeka fimbo. Fimbo ikazama mpaka kiganjani, bila kupingwa na chochote. Nikaenda ofisini na matope yangu.

"Mwalimu, kile choo kinaondoka."

Alikuwa anapiga pasi ile suti. Alinyanyua uso na nikaona kwamba naye hakuwa amelala vizuri.

"Ijumaa, Madam. Wamethibitisha. Leo Jumanne."

"Nifungue milango miwili tu. Ya gredi za chini. Nitaosha mwenyewe kila jioni, hakuna atakayejua."

"Watoto watamwambia. Mgeni akiwauliza watoto, watoto husema ukweli." Akarudisha pasi kwenye kola. "Siku tatu. Ziba milango yenye hatari, uache ule mzuri."

Ule mzuri! Hapakuwa na mzuri. Hata hivyo nilifanya nilivyoambiwa. Mimi na mlinzi tuliburura matawi ya miiba tukaziba milango miwili, tukaacha ule wa mwisho, na nikawafundisha watoto wakanyage ukingoni, karibu na ukuta. Fikiria mwalimu anayemfundisha mtoto wa miaka sita jinsi ya kukanyaga sakafu inayoweza kufunguka. Nilieleza vizuri kabisa. Nilichora hata picha ubaoni. Na wakati wote huo zile funguo zilikuwa zinanigusa kifua kila nilipoinama.

Alhamisi tulifunga utepe. Ulikuwa mwekundu, wa kung'aa, tukauzungusha mbele ya milango yote sita ya choo kipya, kimo cha kiuno changu. Breki ya saa nne ikaja na mimi nikaenda kwenye zamu yangu. Watoto walikuwa na furaha ya sherehe na wengi hawakuja. Walioingia, nilihamisha kokoto; waliotoka, nilirudisha. Yule msichana wa Miasenyi alikuja mwisho, anatembea taratibu, ameshika gauni kwa mbele. Nikafurahi kumwona. "Ukingoni," nikamkumbusha, akaitikia kwa kichwa.

Kengele ikalia. Nikatia mkono mfuko wa kulia na kokoto moja ilikuwemo.

Nilimwita kwa jina. Kimya. Nikaita tena, nikasema asiogope kuchelewa, nitampeleka darasani mimi. Kimya. Niliingia.

Mlango wa mwisho ulikuwa wazi. Kipande cha sakafu, ukubwa wa ungo wa kupepetea mchele, kilikuwa hakipo. Shimo lilikuwa limepanuka hadi karibu na ukuta, pale pale nilipowaambia wakanyage. Na ukingoni, umelala kifudifudi, mguu mmoja wa kandambili ya waridi.

Sijui nilipiga kelele gani. Mlinzi aliniambia baadaye kwamba alidhani ndovu ameingia uwanjani. Nilijilaza kifudifudi kwenye ile saruji iliyobaki, bila kufikiri kwamba mimi ni mzito kuliko watoto wanne, nikawasha tochi ya simu na kuuingiza mkono shimoni. Nilimwita. Sauti yangu ikarudi kutoka chini, chafu, na kukawa hakuna kitu kingine. Niliita Mungu, nikamwita mama yangu aliyekwisha kufa. Nilifikiri juu ya mama wa mtoto, mikono yake myeusi kwa makaa, na jinsi nitakavyotembea mpaka Miasenyi kumwambia. Nitaanza na neno gani? Habari za kazi?

Mwalimu mkuu alifika akikimbia na kamba ya kisimani, koti la suti limetupwa njiani. Akanishika miguu akanivuta nyuma. "Tokeni wote! Tokeni!" alikuwa anapaza sauti ingawa tulikuwa wawili tu. Alijifunga kamba kiunoni, mzee yule, akaanza kuvua viatu, na nikaelewa kwamba anataka kushuka.

Ndipo mlinzi alipoita kutoka nje. "Madam! Njoo huku! Njoo uone!"

Nyuma ya kile kizuizi cha mabati bati moja lilikuwa limeng'oka chini, na hapo palitosha mtoto kupenya asipite mbele yangu. Kulikuwa na alama za miguu kwenye tope, mguu mmoja wenye kandambili, mwingine mtupu. Tukazifuata mbio. Zilivuka uwanja moja kwa moja hadi kwenye choo kipya. Na yeye alikuwepo, ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa kwanza, chini ya utepe, magoti ameyabana pamoja, mikono katikati. Alikuwa anatetemeka mwili mzima.

Nilipiga magoti mbele yake. Nilimshika mabega, nikamgusa kichwa, mikono, ule mguu mtupu. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumchapa. "Unafanya nini hapa?" nikamwuliza, na sauti ilitoka kwa ukali kuliko nilivyotaka.

"Nangoja mgeni, Ticha," akasema.

Nilizitoa funguo shingoni nikashindwa kuchagua. Zote zilikuwa sawa. Mwalimu mkuu alinichukulia, akajaribu wa kwanza, wa pili, wa tatu, kamba bado imening'inia kiunoni mwake, soksi zimelowa. Kufuli ikafunguka. Mtoto akasimama, akautazama utepe, kisha akamtazama yeye. Kwa sababu tulikuwa tumewaonya mara nyingi sana wasiuguse, aliinama sana, akapita chini yake bila hata unywele kuugusa, akafunga mlango kwa ndani kwa adabu.

Tulisikia akikojoa. Ilichukua muda mrefu mno. Mwalimu mkuu aligeuza uso kuelekea barabarani na mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikamwacha alie, maana nilikuwa na kilio changu.

Kisha akafungua kufuli tano zilizobaki, moja baada ya nyingine. Tukawaita watoto wa kanisani. Walikuja mbio, wakajipanga, na mzee yule akaunyanyua utepe kwa mikono miwili juu ya kichwa chake ili wapite. Alisimama hivyo mpaka wa mwisho akatoka. Siku ile ile mlinzi alikwenda kubomoa choo cha zamani. Ukuta alipousukuma kwa mkono mmoja tu, choo chote kiliingia ardhini na hakukuwa na cha kubomoa tena.

Ijumaa mgeni hakuja. Alikuja wiki mbili baadaye, mchana, baada ya safari ndefu. Tulikuwa tumesimama mistari, mwalimu mkuu akirudia kimoyomoyo maneno ya kuomba radhi. Mgeni akashuka garini, mtu wa kawaida, mwenye miwani, amejikunyata kidogo. Akamnong'oneza mwalimu mkuu kitu. Mwalimu mkuu akaunyanyua utepe, mgeni akainama akapita chini yake. Alipotoka alinawa mikono kwa sabuni ya watoto, akasema maji ni mazuri, kisha akaomba makasi. Madawati yalikuja. Barua yangu pia iliandikwa, na nikaajiriwa, pale pale shuleni.

Watu huniambia mambo yaliisha salama, nimshukuru Mungu. Namshukuru. Lakini hakuna aliyenifunga mikono muhula ule. Ningeweza kufungua siku yoyote, saa yoyote, na nisingepatwa na lolote ila kuombwa maelezo. Niliona ni afadhali kuhesabu kokoto.

Bado naenda pale kengele ya breki ikilia. Nasimama karibu na tangi, mkono mfukoni, ingawa sakafu ile ingebeba lori. Yule msichana yuko gredi ya tatu sasa, amerefuka, ana meno mapya ya mbele. Huwaacha wenzake watangulie, akihakikisha milango sita yote iko wazi, halafu hupita karibu nami akielekea darasani na kuniambia kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie:

"Ticha, twende. Tumetoka wote."